Noti ya Jirani

Ishike kingoni, Lartey aliniambia, kama picha mbichi.
Nikaishika.
Pauni moja ya Ghana, ya mwaka hamsini na nane,
wekundu unaoelekea hudhurungi,
na mgongoni kakao, mafungu mawili.
Mkunjo mmoja katikati. Kona moja imeliwa.
Niliinusa. Haikunuka kitu.

"Mzee Arhin, ingekuwa haijakunjwa, ungeuza nyumba."
Sikumwambia kwamba sikupanda basi kutoka Sekondi mpaka Akra
kutafuta usafi.
Nilitoa lenzi yangu ya saa, ile iliyochungulia matumbo
ya saa za makarani wote wa reli,
nikasoma namba tarakimu kwa tarakimu,
kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe
katika orodha ya waliofaulu.

Mama alikuwa nazo tano.
Alizichuma kwenye kenke na samaki wa kukaanga
mbele ya lango la karakana,
shilingi ikipanda juu ya shilingi mpaka zikawa karatasi,
na karatasi akazilaza katika droo ya cherehani,
chini ya vifungo.
Ada ya Ekow, alisema. Ekow atafunzwa kuunda injini.

Kisha zikaja sedi.
Redio ilitangaza. Mpiga gongo alipita mtaa kwa mtaa.
Lakini siku hizo Baba alikuwa akitapika damu hospitalini,
na Mama alikuwa akihesabu pumzi, si noti.
Alipofika dirishani, karani alimrudishia zote tano,
amezinyoosha vizuri, kwa adabu:
"Mama, hizi zimekwisha muda."
Akarudi kwa miguu. Jioni alikaanga samaki.

Ekow akaenda bandarini kubeba magogo.

Mimi nilikuwa na miaka sita, nikapewa mtaji.
Nilifungua duka la mchanga, kopo moja pauni moja,
na hakuna mteja aliyenikopa.
Noti ya kwanza niliikata kwa mkasi nimpe mtu chenji.
Mbili zililoa mvua.
Ya nne Mama aliitia katika kitabu chake cha tenzi, alama ya ukurasa;
tukamzika nacho.

Ya tano ndiyo iliyonifundisha kuandika.
Niliinakili namba yake ukutani kwa kaa,
sita, nne, moja, saba, saba, sita,
kila siku, mpaka saba zangu zikaacha kuanguka chali.
Nilipohitimu, niliigandisha kwa uji kwenye mkia wa tiara.
Harmatani ikakata uzi.
Tuliifuata kwa macho, mimi na Ekow, ikivuka paa za reli,
ikivuka minara ya taa,
mpaka Ekow akasema: Haya basi, nayo imesafiri.

Sasa, chini ya lenzi, dukani kwa Lartey:
sita.
Nne.
Moja, saba, saba.
Nikashusha pumzi kabla ya tarakimu ya mwisho.

Saba.

Si yetu. Ni ya jirani.
Iliyotoka mtamboni nyuma yake tu, ikalala nayo kifua kwa mgongo
katika bunda moja, kabla ya mkono wa kwanza kuzitenga.
"Saba tatu mfululizo," Lartey alisema, "hiyo ina bei yake."
Nikalipa pensheni ya miezi minne. Sikubishana naye.

Ekow aliigeuza mara mbili, kwa vidole visivyonyooka tena.
"Umeinunua kiasi gani?"
Nikataja nusu.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Kwa fedha hiyo ningejifunza injini mara tatu, na kurudia mtihani."

Cherehani bado iko kwake, haina mkanda.
Akafungua droo, akailaza noti ndani,
akamimina juu yake vifungo vyote, gao mbili,
akavikandamiza kwa kiganja.
"Isije ikaruka," alisema,
bila kunitazama.